Mlokole na Friza ya Mama Pipa

Asubuhi hiyo konstebo alipiga pasi suruali ya sare mpaka mkunjo wake ungekata kitunguu. Huku anapiga pasi, anaimba besi ya wimbo wa kwaya. Vikombe kabatini vikawa vinatetemeka.

"Baba watoto, punguza," mkewe alisema. Alikuwa nesi wa zahanati, na yeye anavaa gauni lake jeupe la kazi. "Utaamsha mpaka wafu."

"Wakiamka, wataokoka."

Kituoni walimwita Mlokole. Hakukasirika. Kweli alikuwa ameokoka, na kweli alikuwa askari safi. Hachelewi. Hali rushwa. Jina lake lilikuwa limeshapelekwa kwenye kozi ya ukoplo. Ila alikuwa na donda moja: pombe. Baba yake aliinywa mpaka akauza mabati ya paa, watoto wakalala wakihesabu nyota. Tangu hapo, anayekunywa na anayeuza, kwake wote walikuwa kapu moja.

Saa tatu, Mama Pipa akaingia kituoni. Alikuwa na baa nyuma ya soko, leseni iko ukutani. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Afande, nimeibiwa. Usiku wamevunja kufuli, wamebeba friza yangu."

"Friza ya nini?"

"Ya kugandishia. Kuna nyingine?"

"Ya bia, sema."

"Bia, soda, maji, hata dawa ya sukari ya jirani yangu inakaa humo. Ni nyeupe. Mfuniko umebonyea kona. Bawaba moja ilivunjika, nikaifunga kwa waya wa shaba. Hiyo ya waya andika, afande. Ndiyo alama yangu."

Kitabu kikubwa cha taarifa kilikuwa pale pale kwenye kaunta. Kila jambo linaloletwa kituoni huandikwa humo, likapewa namba. Mlokole alikitazama, akamtazama Mama Pipa. Mkono ukawa mzito. Akachomoa mfukoni karatasi ya kwaya, akaigeuza nyuma, akaandika mistari mitatu ya harakaharaka.

"Mbona huandiki kwenye kitabu?"

"Nitahamishia baadaye. Nenda, tutakuita."

"Na namba yangu?"

"Mama, mshukuru huyo mwizi. Kakupunguzia dhambi."

Mama Pipa, ambaye walevi sita hawamwezi kwa maneno, alimtazama tu. Akageuka, akatoka. Mlokole akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Mpaka zamu yake inaisha saa saba, hakuhamishia kitu.

Kesho yake askari walikuwa wanakunywa chai. Koplo wa doria akatikisa kichwa.

"Jana tumefanya ujinga," akasema. "Saa nane tumesimamisha pikapu. Nyuma ina friza, imefunikwa turubai. Dereva macho hayatulii. Nikapiga simu kaunta: kuna mtu kaibiwa friza? Wakafungua kitabu. Hakuna. Sasa nimkamate mtu kwa kosa gani? Kosa la kuwa na friza? Nikaandika namba ya gari, nikamwachia."

"Ilikuwa... rangi gani?" Mlokole aliuliza. Ile besi yake ilitoka nyembamba kama ya mbu.

"Nyeupe. Mfuniko umefungwa kiwaya cha shaba."

Mlokole akaweka kikombe chini. Karatasi ilikuwa bado mfukoni. Akaona kama inamchoma paja.

Jioni hakula. Mkewe alimtazama akigeuzageuza kijiko.

"Chakula hicho unakihoji?"

Akamweleza yote. Alipofika kwenye "kakupunguzia dhambi," mkewe akaweka sahani chini.

"Ulimwambia hivyo mtu mzima?"

"Anauza pombe, mama watoto. Wewe unajua baba alivyotufanya."

"Najua, na pole. Lakini mwezi uliopita nimemzalisha mke wa yule aliyetuibia kuku. Nilimjua tangu anaingia mlangoni. Ulitaka nimwambie abane mpaka mumewe atubu?"

"Hiyo tofauti."

"Tofauti iko wapi? Mimi nikivaa gauni lile, naangalia mtoto ametanguliza kichwa au miguu. Basi."

Mlokole akaweka kijiko chini. Kisha akasema, "Nikimwambia sajenti, kozi imekwenda."

"Usipomwambia, friza ya mwenzako imekwenda. Chagua kinachokuuma zaidi."

Asubuhi yake alisimama mbele ya meza ya sajenti. Sajenti alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mlokole akaweka karatasi mezani. Sajenti akaisoma.

"Huu wimbo. Unataka nikuimbie?"

"Upande wa pili, afande."

Sajenti akageuza. Akasoma. Akavua miwani.

"Kwa hiyo koplo alisimamisha mali ya wizi, akaiachia kwa sababu yako."

"Ndiyo, afande. Pombe ni dhambi. Mkono ulikataa."

"Sikukuuliza kuhusu dhambi. Imani yako ni yako, hakuna atakayekuvua. Hata mimi pombe siipendi. Lakini yule mama alikuja kuungama?"

"Hapana. Alikuja kushtaki."

"Sasa nani alikupa kazi ya kupima mtu anayestahili kuibiwa? Sikia. Leo wewe umemkataa muuza pombe. Kesho mwenzako atamkataa mlokole, kisa mnapiga vipaza sauti mpaka majirani hawalali. Keshokutwa atakuja mwanamke kapigwa, askari aseme mke hupigwa, arudi nyumbani. Kitabu kikianza kuchagua watu, kitabaki cha marafiki zetu tu. Na wezi watajua nani wa kumwibia."

Mlokole aliangalia viatu vyake. Viling'aa bure.

"Nifanye nini, afande?"

"Chukua kitabu cha maelezo. Kamwandikishe huko huko baa, mchana kweupe, na sare yako. Mambo ya kozi tutaongea."

Alipotokea mlangoni, baa nzima ililipuka.

"Jamani, Mlokole kaja kuokoka!" alipiga kelele fundi viatu mmoja mwenye kofia ya sufu. "Mpeni kiti, anataka kutoa ushuhuda!"

Mama Pipa hakucheka. Alikuwa anapoza soda kwenye beseni la maji. "Unataka nini? Dhambi zangu bado hazijapungua?"

Mlokole alivua kofia. Kuomba radhi faraghani ni rahisi. Lakini tusi lilitoka akiwa na sare, na dawa ikatoka akiwa na sare, hadharani.

"Mama, nilikukosea. Ulileta shida, nikakupa mahubiri. Friza yako ilisimamishwa na wenzangu siku ile ile, ikaachiwa kwa sababu mimi sikuandika. Nimekuja kuandika."

Fundi viatu aliteremsha chupa. 

"Ilisimamishwa?" Mama Pipa aliuliza taratibu. "Ilikuwa mikononi mwenu?"

"Ndiyo, mama."

Mama Pipa akatoa mikono kwenye beseni. Kisha akafuta meza kwa kitambaa. "Kaa. Andika. Ukimaliza, nitasoma mwenyewe. Mimi ni mwaka wa pili darasa la watu wazima."

Akaandika. Mama Pipa akaweka kidole chini ya mstari, akasoma, midomo inacheza. "'Friza... nye-upe... ya pombe.'" Kidole kikasimama. "Hili neno pombe limetoka mdomo wa nani? Mimi nimesema friza nyeupe."

Mlokole akasikia uso unawaka. Hakujua hata alivyoliandika. Limetoka kifuani, likapita mkononi, likakaa karatasini.

"Ni langu," akasema. Akalikata, wote wawili wakatia sahihi pembeni. Akapiga simu kituoni taarifa iingizwe kwenye kitabu, akaandika namba ya taarifa hiyo kwenye kipande cha karatasi. "Namba yako hii. Ni haki yako, si hisani. Siku yoyote ukiuliza kesi imefika wapi, taja hii."

Kumpata dereva haikuwa kazi. Koplo alikuwa na namba ya gari.

"Mimi nabeba tu, wakubwa," dereva alisema, mikono juu kabla hajaambiwa. "Waliokodi gari nitawaonyesha wanapokaa. Friza niliishusha kwa Mzee wa Mitumba."

Mlokole alimjua vizuri. Mzee wa Mitumba aliuza vyombo vya zamani. Na alikuwa mlezi wa kwaya. Joho la Mlokole la Jumapili, ni yeye aliyelishona.

"Bwana asifiwe, mtumishi!" Mzee aliwapokea kwa mikono miwili.

"Amina, mzee. Leo nimekuja kikazi."

Friza ilikuwa kwenye kona, imefunikwa pazia. Mlokole akalivuta. Mfuniko umebonyea kona. Waya wa shaba ukamkonyeza.

"Umeinunua kwa nani, mzee? Risiti iko wapi?"

Mzee alimsogelea, akanong'ona. "Mtumishi, tusivuane nguo mbele za watu. Kitu chenyewe kimetoka baa. Si bora kipoze maji ya wanakwaya kuliko bia za walevi? Mungu mwenyewe anafurahi."

Siku tatu kabla, Mlokole angeitikia amina. Sasa alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye mdomo wa mwingine, na yalinuka.

"Mzee, kanisani wewe ni mlezi wangu, na Jumapili nitakusalimia. Lakini hapa wewe ni mtuhumiwa wa kupokea mali ya wizi. Hutalazimishwa kusema kitu, na hakuna atakayekugusa vibaya. Hukumu ni ya mahakama." Akageuka. "Koplo, shika upande ule."

Ilibidi friza ikae kwanza kituoni kama kielelezo. Ikapigwa picha, ikaandikwa, na hakimu akaruhusu irudishwe kwa mwenyewe. Siku inarudi, pikapu ya polisi ilikwama kwenye tope la soko, hatua mia kabla ya baa. Walevi wakatoka. Wauza mboga wakatoka. Wote wakaishika friza, lakini kila mtu anavuta kwake.

"Hamuwezi hivyo!" Mlokole akasema. Akakunja mikono ya shati, akaingia katikati, akatoa besi. "Mooja! Nyanyuaaa!"

Friza ikapaa. Besi ikawaongoza hatua kwa hatua, askari mbele, fundi viatu nyuma, soko zima linapiga makofi. Mama Pipa alitangulia taratibu kama bibi harusi, anacheka huku anafuta macho.

"Kunywa soda, afande. Soda tu, si pombe."

"Nikiwa kazini sipokei, mama. Asante."

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Haya, kaa na kiu yako!"

Sajenti hakumwachia hivi hivi. Alimpa barua ya onyo, na kozi mwaka ule ikampita. Lakini orodha ya mwaka uliofuata, jina la kwanza lilikuwa lake. Na pembeni ya kitabu cha kaunta sajenti aliweka rundo la vikaratasi vya namba. Hakuna aliyetoka bila chake.

Pombe, Mlokole aliendelea kuichukia, na kwaya hakuiacha.

Wiki moja baada ya friza kurudi, fundi viatu aliingia kituoni, kofia mkononi, pumzi inanuka pombe ya jana. Konstebo mwingine alikuwa karibu, akamwita.

"Hapana," fundi viatu alisema. "Wameniibia baiskeli. Mama Pipa kaniambia niandikwe na yule."

Mlokole akafungua kitabu. "Rangi gani?"

"Buluu. Na kiti nimekishona mwenyewe kwa ngozi."

Mlokole akaandika, neno kwa neno. Kisha akakigeuza kitabu, akakisogeza mbele ya fundi viatu.

"Soma kwanza," akasema. "Ndipo utie sahihi."