Maji Yaliyonukia Waridi

Saa moja asubuhi Badawi alifungua dumu la kwanza, akanusa, na kabla Samia hajasema neno akalimwaga lote mchangani.

"Ami! Unafanya nini?"

"Yananukia waridi. Tumo ndani ya ihramu, mwanangu. Manukato hayafai." Akafungua la pili, akanusa, akamwaga.

Lita kumi nzima. Mchanga uliyanywa kufumba na kufumbua, pakabaki doa la unyevu linalonukia kama nyumba ya harusi.

Ilikuwa siku ya pili ya umra yao ya miguu, kutoka nyumbani Al-Baghdadiyah, Jeddah, hadi Makka, kwa njia ya zamani ya mahujaji inayokata mabondeni mbali na barabara kuu. Badawi, mzee wa miaka sitini na minane, aliitamani safari hii tangu alipofunga ghala lake la Al-Sulay kule Riyadh. Samia, binti wa marehemu kaka yake na muuza dawa wa mtaa wa Al-Rawdah, alikuja kwa sababu ndugu wengine wote walipata udhuru. Mizigo ilikuwa kwenye pikapu ya Julius, Mkenya aliyemwendeshea Badawi lori miaka yote ya ghala. Ni yeye aliyejaza maji, kwenye madumu ya zamani ya ghalani yaliyowahi kubeba maji ya waridi. Aliyasuuza mara tatu. Yeye Mkristo, hakuwahi kuambiwa kwamba harufu nzuri inaweza kumharibia mtu ibada. Na sasa alikuwa ameshatangulia kuwasubiri njia panda, kilomita kumi na mbili mbele.

"Ungeniuliza kwanza," Samia alisema.

"Nikuulize nini? Saa nne tutakuwa kwa Julius. Yalla, twende."

Hawakufika saa nne. Upepo wa vumbi uliwakuta katikati ya bonde, ukaunyakua mwavuli wa Badawi, ukaupindua na kwenda nao. Walijikunyata nyuma ya jabali, macho yamefumbwa, meno yakisaga mchanga. Vumbi lilipotulia, alama za njia hazikuonekana tena. Badawi alinyoosha kidole kwa uhakika wote wa mtu asiyejua, wakafuata kidole hicho zaidi ya saa mbili.

Bonde walilolifuata lilikuwa jalala. Wenye magari yao walikuja kupunga hewa humo, wakaacha kila kitu: mifuko ya plastiki imenasa kwenye miiba ya migunga, mifupa ya kuku, nepi zilizokunjwa zikaachwa jua lizipike. Samia aliruka moja, akakanyaga nyingine. Ilipasuka chini ya kandambili, na uji wake ukamwingia katikati ya vidole. Alijifuta kwa mchanga, akajifuta tena, na bado aliusikia mguu wake ukinuka. Aliwachukia watu hao asiowajua, wazazi kwa watoto.

"Simu?" Badawi aliuliza.

"Mafi, hakuna mtandao. Usiseme sana, unakausha mdomo."

Saa saba Badawi aliacha kutoka jasho. Samia alilitambua hilo mara moja, akaogopa. Kichwa cha mzee kilikuwa wazi, upara umekuwa mwekundu na kuanza kufura malengelenge. Mate yamekauka pembeni mwa midomo yakawa ukoko mweupe, na nzi walitua hapo wakala. Hakuwapiga. Alipuliza tu, kwa adabu, wakarudi.

"Funika kichwa, Ami."

"Mwanamume haruhusiwi katika ihramu."

"Dharura inaruhusiwa. Utatoa fidia, utalisha maskini sita, halas, yameisha."

"Bado si dharura," akasema, akaanguka, akatapika nyongo juu ya shuka lake jeupe.

Samia alimburuta hadi kwenye kivuli chembamba cha jabali. Kisha akapanda kilima na kuona, mwendo wa dakika kumi, birika la saruji la kunyweshea ngamia. Alikimbia. Harufu ilimpokea kabla hajafika. Maji yalikuwa ya kijani na mazito, na juu yake alielea mbuzi aliyevimba, macho yameliwa. Alimshika mguu amvute nje. Ngozi ilibambuka ikabaki mkononi mwake, laini na yenye utelezi. Alipiga kelele, akaitupa, akashika mfupa.

Akakunja mtandio wake mara nne, akauchovya, akaukamua mdomoni. Maji yalikuwa na ladha ya mbuzi. Aliyatapika. Akanywa tena, yakakaa. Akanywa hadi tumbo likajaa, halafu akaketi chini ya ukuta wa birika. Palikuwa na kivuli pale. Alikaa muda mrefu kuliko alivyohitaji, macho kwenye lile jabali la mbali.

Mwishowe aliinuka, akauchovya mtandio tena, akarudi nao ukitiririka. Badawi hakumtambua. Alimkamulia maji mdomoni kidogo kidogo, akamzungushia mtandio mbichi kichwani, na mzee alipoinua mkono autoe, Samia aliupiga mkono huo chini.

"Uache hapo hapo."

Aliuacha.

Alasiri upepo mwepesi ulileta uvundo mwingine, mkali wa kuchoma pua: mavi ya kuku, mengi. Samia aliunusa kwa makini. Penye kuku wengi hivyo pana banda, pana watu, pana barabara ya lori. Akamwegemeza mzee begani, wakaelekea uvundo ulikotoka. Kila ulipofifia alisimama, akageuza uso, akautafuta upya. Saa kumi na moja waliona mabati, ua wa waya, na pikapu nyeupe. Julius alikuwa langoni akiwahoji vibarua kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.

"Madam! Nimewatafuta tangu saa tano! Mzee amefanya nini?"

"Washa gari, Julius. Hospitali iliyo karibu."

Kwenye zahanati ya kando ya barabara walimtundikia Badawi dripu ya pili kabla hajafumbua macho vizuri. Samia alikuwa ameketi kando yake, vidole bado vinanuka.

"Umeniokoa, mwanangu."

"Nilikunywa kwanza, Ami. Nikashiba. Nikakaa kivulini, nikajiambia nikuache."

Badawi alimtazama. "Mbona ulirudi?"

"Sijui. Si kwa mapenzi. Maji ya sisi wawili uliyamwaga kama yako peke yako. Nilikuonea kinyaa kuliko yule mbuzi."

Mlango ukafunguliwa, Julius akachungulia, kofia mkononi.

"Mzee, daktari anasema kesho asubuhi utatoka. Tunaendelea na safari ama tunarudi Jeddah?"

Badawi alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari ulimini, kama ilivyokuwa siku zote. Akalimeza.

"Muulize Samia," akasema.