Kofia ya Bi Kimondo

Mwenye duka alipofunua kitambaa ili afute vumbi kwenye kioo, alikuta fremu imebaki na ubao mtupu. Kioo kilikuwa kizima. Skrubu za nyuma zilikuwa zimekazwa zote, vizuri kabisa, kana kwamba mwizi aliogopa kuitwa mchafu. Ukurasa wa mwisho wa hadithi ya Bi Kimondo, rubani wa anga za mbali aliyechorwa miaka ishirini na sita, haukuwepo. Na uzinduzi wake ulikuwa alasiri ileile.

Inspekta alifika saa tatu asubuhi, akakuta foleni imeshapinda kona. Walikuwa watu wazima na ndevu zao, kina mama na watoto mgongoni, wote wamevaa kofia za karatasi ya fedha kama ya Bi Kimondo. Akashusha pumzi. Nyumbani kwake alikuwa na mmoja wa aina hiyo, na ndiye aliyemuoa.

Simu ikalia kabla hajavuka kizingiti.

"Mke wangu, ni kweli ukurasa umeibwa?"

"Nipo kazini, mume wangu."

"Mbane yule mchambuzi wanayemwita Jaji! Yule bwana tangu toleo la themanini hana jema. Alisema Bi Kimondo amekwisha, wakati kila mwenye akili anajua lile ndilo toleo—"

Akamkatia.

Duka lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilijaa rafu za majarida yaliyofungwa kwenye plastiki, na katikati palikuwa na meza yenye vipaza sauti vitatu. Hapo ndipo kila Ijumaa jioni kiliporekodiwa kipindi cha mtandaoni cha kuchambua hadithi za anga, katuni na filamu. Cha nyuma kilikuwa na sinki, mlango wa choo, na ukutani ile fremu tupu.

"Nani waliingia huku jana jioni?" Inspekta aliuliza.

Mwenye duka, pande la mtu lenye sauti ya kubembeleza, alihesabu kwa vidole. "Mimi, Jaji na Mwalimu. Tulikuwa tunarekodi, na kila mmoja alikwenda nyuma kwa wakati wake, maana choo kiko huko. Ufunguo wa duka ninao mimi peke yangu, na mlango haukuguswa."

"Basi ni mmoja wenu."

"Afande, mimi siwezi! Ingawa, kusema haki, ule mwisho—"

"Sijauliza mwisho."

"Chombo kimefunga mlango, kinainuka mwezini kupotelea gizani, na yeye dirishani, kofia kichwani kama siku zote. Hatujawahi kumwona uso, halafu tunaagwa na kisogo?"

"Umeuona lini?"

"Jumatano. Mzee mchoraji alituonyesha sisi watatu nyumbani kwake. Jana mchana akauleta, akajifungia nao humu peke yake, akautia kwenye fremu kwa mkono wake na kuufunika. Akatuapisha tusiguse kitambaa mpaka leo."

Aliyefuata ni Jaji, mtu mwembamba aliyezoea kipaza sauti kiasi cha kuongea kama vile chumba kina watu mia. Begi lake la vifaa alilipakata kama mtoto mgonjwa.

"Ulisema kwenye kipindi kwamba heri ukurasa huo uchomwe moto."

"Nilisema kifasihi!"

"Ulipokwenda nyuma, ulifanya nini?"

"Tatizo la hadithi za anga za siku hizi, Inspekta, ni kwamba waandishi wanaogopa kifo. Ukitazama safari nzima ya Bi Kimondo—"

"Bwana wee! Nimekuuliza habari za choo, wewe unanipeleka angani!"

"Nilinawa mikono," Jaji alisema kwa kununa.

"Fungua begi."

"Ni vifaa tu."

"Basi havitaona haya kutazamwa."

Jaji alikataa, akabembeleza, akataja haki zake, na kila neno lilizidi kumchimbia shimo. Inspekta akavuta zipu mwenyewe. Ukurasa haukuwamo. Chini ya nyaya palikuwa na suti ya fedha, nembo ya Bi Kimondo imedariziwa kifuani kwa mkono, na kipimo chake kilikuwa kipimo cha Jaji hasa. Ndiye huyu aliyewaita wavaaji wa mavazi hayo, wiki nenda wiki rudi, mazuzu waliokosa kazi.

"Tafadhali," alinong'ona, sauti ya watu mia imepungua ikawa ya mtu mmoja. "Usiwaambie."

"Mimi natafuta karatasi. Kaa pale."

Mwalimu alikuwa mama mrefu, mstaafu wa somo la fizikia, begani amening'iniza bomba la plastiki lenye chati ya sayari. Alisema ni ya kuwaonyesha watoto wakati wa uzinduzi. Alikuwa mdogo wa marehemu mke wa mchoraji, na tangu toleo la kwanza ndiye aliyekagua sayansi ya hadithi kabla haijachapwa.

"Una ugomvi na shemeji yako?"

"Wa kazi tu. Akichora mlipuko unaosikika angani, nafuta. Akichora moto unawaka pasipo hewa, nafuta. Namlinda asichekwe. Halafu mwishoni ananivulia mtu kofia, mlango wa chombo wazi, kwenye mwezi usio na hewa! Hata mtoto wa darasa la tano asingekosea hivyo."

Inspekta aliandika yote kwa mazoea tu. Kichwa kilikuwa kinamgonga. Watu watatu aliwauliza walikuwa wapi, na wote watatu wakamjibu walichokipenda na walichokichukia. Laiti wezi wengine nao wangekuwa na maoni mengi hivi, alifikiri, magereza yangefurika.

Ndipo mchoraji alipoingia, fimbo ikitangulia kupapasa sakafu. Jicho lake moja lilikuwa limezimika, na la pili liliona kama kupitia pazia zito. Inspekta alimkalisha chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Unaweza kuuchora tena, mzee?"

"Ule niliumaliza pua ikigusa karatasi, binti yangu. Hakuna mwingine." Akaegemeza fimbo ukutani. "Na huyo mwizi pengine hajui hata alichoiba. Jana humu ndani niliubadilisha. Hakuna niliyemwambia."

"Ulibadilisha nini?"

"Nilifungua mlango wa chombo. Na Bi Kimondo nikamvua kofia."

Inspekta aliinua macho. Akarudi nyuma kurasa mbili katika maandishi yake, akasoma mstari mmoja, akausoma tena.

Aliwaita wote kwenye meza ya vipaza sauti.

"Kila mmoja anieleze picha ya mwisho ilivyo. Kueleza tu. Atakayenipa maoni namlaza ndani."

"Amevaa kofia, ametupa kisogo, mlango umefungwa," Jaji alisema. "Jambo ambalo kwa kweli ni—"

"Inatosha! Wewe?"

"Hivyohivyo, Afande," alisema mwenye duka.

Mwalimu alishika mkanda wa bomba begani.

"Wewe Mwalimu uliniambia kofia imevuliwa na mlango uko wazi," Inspekta alisema. "Jumatano haikuwa hivyo. Picha uliyonieleza imeonwa na watu wawili tu: aliyeichora, na aliyefunua kitambaa jana jioni."

"Mdomo uliponza kichwa," mwenye duka alinong'ona.

Mwalimu aliteremsha bomba begani, akalifungua. Ndani ya chati ya sayari, ukurasa ulikuwa umeviringishwa kwa karatasi laini, hauna hata kunyanzi.

"Nilikwenda kuhakiki kama amerekebisha kivuli," alisema. "Nilipofunua nikakutana na dada yangu. Uso wa dada yangu, shemeji! Anatabasamu mahali pasipo hewa. Wewe hukosei vitu hivyo, kwa sababu mimi nipo. Basi nikajua hukukosea. Tangu madaktari waseme macho yako hayaponi, simu hupokei, mlango hufungui ila siku umetuita. Nikasema huyu ametuandikia kwaheri. Anataka kumfuata mkewe."

"Ndiyo ukaiba?" Inspekta aliuliza.

"Ningefanyaje? Hao walioko nje wangepiga makofi. Jaji angesema mwisho ni dhaifu, mwingine angesema ni bora, wangebishana mwezi mzima. Hakuna ambaye angeona kwamba kuna mtu anakufa."

Mchoraji aligeuza uso kuelekea sauti yake. "Uliutazama vizuri?"

"Niliutazama kwa machozi."

Inspekta aliukunjua ukurasa mezani. Hakuwa amesoma jarida la katuni tangu utotoni, na hapo pia alilazimishwa na kaka zake. Aliona mwanamke wa makamo mwenye mwanya, kofia kwapani, amesimama kwenye mlango wa chombo.

"Mimi si mtaalamu wenu," alisema kwa uchovu. "Lakini kama hapa hakuna hewa, mbona nywele zinapepea?"

Mwalimu aliinama, akafuata kwa kidole uzi mmoja wa wino, kisha mwingine, mpaka pembeni palipokuwa na majani membamba yamelala upande mmoja.

"Upepo," alisema taratibu. "Pana upepo."

"Si mwezini hapo. Amefika nyumbani," mchoraji alisema. "Nilichoka kumwacha azunguke huko peke yake, nikampa uso ninaoukumbuka kabla sijausahau. Simu siipokei kwa sababu sioni pa kubonyeza. Na mlango mnagonga, mkikawia kufunguliwa mnaondoka, kisha mnakwenda kwenye kipindi kunijadili. Mnanijadili, hamniulizi."

Mwalimu aliketi, akaufunika uso kwa viganja. Mzee akapapasa meza mpaka akaupata mkono wake.

"Mzee, unafungua mashtaka?" Inspekta aliuliza.

"Nimshtaki mdogo wa mke wangu? Jumatatu nina kliniki. Atanipeleka, na ya Jumatatu nyingine pia. Hiyo inamtosha."

"Nitakupeleka," Mwalimu alisema kupitia vidole. Alijifuta macho, akauinamia ukurasa kwa mara nyingine, na uso ukamkunjamana. "Lakini shemeji, nywele zinapepea kushoto, na majani yamelala kulia."

"Ana hoja," Jaji alisema, tayari ameshika kipaza sauti.

Mchoraji alicheka mpaka akakohoa. "Nipeni brashi, nirekebishe."

"Hugusi kitu!" Mwalimu aliunyakua ukurasa na kuukumbatia, mpaka Inspekta alipomfokea kwamba huo bado ni ushahidi wa polisi na auweke chini mara moja.