Milio Kwenye Dakika ya Kimya

Haya yalimpata rafiki yangu Waswa, anayehariri video za mazishi pale Mamboleo. Mjane mmoja, Agneta, alitaka matusi ya shemeji zake kando ya kaburi yafichwe. Waswa akaiachia kompyuta: kila ikisikia tusi, inalifunika kwa mlio, tiii.

Ikayafunika yote. Halafu ikaweka milio mitatu kwenye dakika ya kimya, palipoonekana jeneza la mumewe tu. Waswa akaifuta, ikarudi minne. Akaongeza sauti, akasikia upepo tu.

Agneta, aliyeketi kando yake, akainamisha kichwa.

“Baba Lorine,” akamwambia marehemu mumewe polepole, “hata mbele ya wageni?”

Waswa akachomoa waya wa spika. Spika ikalia tiii, mara moja, kwa muda mrefu.