Shuka Zisizoingia Masizi

Sogeeni, wajukuu, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi.

Palikuwa na dobi wa hospitali, mama mtu mzima. Kamba zake za kuanikia zilipita nyuma ya chumba cha jenereta, na kila Alhamisi asubuhi fundi mzee aliiwasha nusu saa, umeme uwepo usiwepo. Moshi ulitia shuka masizi, dobi akanung'unika.

"Vumilia, dada," fundi alimwambia. "Mashine isiyoamshwa hufa betri, huota kutu tumboni. Na chumba kikikaa kimya mno, hujipatia mpangaji."

Fundi akastaafu. Msimamizi mpya akaona kuiwasha ni kuchoma mafuta bure. Akatia kufuli.

Alhamisi iliyofuata, jenereta ikanguruma. Nusu saa kamili. Dobi akaenda kuanua shuka: nyeupe pe. Hakuna moshi, hakuna harufu ya dizeli, ila harufu kama ya udi uliolowa. Kufuli limefungwa, buibui ametanda juu yake.

"Bwana, nani yumo mle?" akamnong'oneza msimamizi.

"Upepo tu, mama. Au umeyakumbuka masizi?"

Akacheka, na dobi naye akacheka. Kufua mara moja badala ya mbili, nani alalamike? Akanyamaza miezi saba.

Mpaka siku bintiye alipoingizwa chumba cha upasuaji, mtoto amekaa vibaya tumboni, daktari ameshapasua, umeme ukakatika. Chumba hakina dirisha. Jenereta ikanguruma palepale, wauguzi wakashukuru, wakangoja taa, na taa hazikuwaka, na mngurumo ukazidi hadi vyuma mezani vikatetemeka, na dobi akakimbia na msimamizi, wakavunja kufuli, wakakuta mashine baridi kama maiti, vumbi unene wa kidole, betri imekufa, na sauti ikitoka humohumo ndani yake, ikipumua.

"Nilijua," dobi akasema polepole. "Mwanangu, nilijua."

Binti alishonwa kwa mwanga wa simu, akapona. Mtoto hakulia.

Fundi mzee akarudishwa. Akabadili betri, akaiwasha mashine mpaka ikatapika moshi mweusi, na kitu kikapiga yowe kikatoka. Tangu hapo huiwasha kila Alhamisi, na dobi huanika kitambaa cheupe mbele ya bomba la moshi. Kikiwa cheusi, usiku analala.

Alhamisi iliyopita fundi alikuwa mgonjwa, yuko kwake kitandani.

Jenereta ikanguruma nusu saa kamili. Dobi akaenda kuanua kitambaa chake. Cheupe pe.