Uzi Mwekundu wa Ningu

Mfuniko wa mtungi ulikuwa wa moto. Mtungi wa naitrojeni, ndani baridi ya kugandisha damu, lakini ulimchoma Kokulinda kiganja. Na ulinuka udi.

"Salum, umefukiza udi maabara?"

"Mimi? Acha utani, dada."

Alipojibu, mvuke mweupe ulimtoka mdomoni. Saa sita mchana, Kirumba, jua la kupasua kichwa.

Mtungini waligandisha mbegu za samaki wanaotoweka ziwani, ili siku moja wazalishwe tena. Ya ningu ilibaki kichupa kimoja. Kokulinda alikuwa mlinzi wake: degree kabatini, miaka mitatu anajitolea bure, eti anapata experience.

Salum akaanza kutetemeka, na chini ya mfuniko kitu kikakwaruza, taratibu, kama kisu kinachoparua magamba, kikizunguka ukuta wa mtungi, kikisimama kila Salum alipovuta pumzi na kuendelea kila alipoitoa.

"Yule ningu tuliyemtoa mbegu alikuwa na uzi mwekundu shavuni," Salum akanong'ona. "Wavuvi wa Kamanga wakimfunga samaki uzi, wamemkabidhi kwa jini. Haguswi, anarudishwa ziwani. Aliingia wavu wetu, nikaukata uzi, nikauacha drooni. Nikaona uchafu."

Wakamwita Bi Mwaija, mganga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmefungia kiumbe cha moto kwenye barafu! Kirudisheni na uzi wake, au kitajipasha kwa mwili wa huyu."

Mkurugenzi, Renatus, akafoka. "Ukimwaga hiyo mbegu, my dear, sahau ajira."

"Nisahau nini, boss? Nimewahi kuwa nayo?"

Renatus akacheka. Akavaa glavu, akatoa kichupa mwenyewe. "Haya, kamwageni."

Kokulinda alikifunga ule uzi, akakimwaga ziwani huku machozi yakimtoka. Papo hapo Salum akatokwa jasho. Amepona.

Kesho yake Renatus alimwita ofisini. Alikuwa amevaa koti zito.

"Mjinga wewe, nilikupa kichupa cha sato. Ningu yupo, nimemshika mimi. Na barua yako ya ajira hii hapa."

Mvuke ukamtoka mdomoni, ukinuka udi. Kokulinda hakuipokea barua. Alikuwa anatazama shavu la boss: chini ya ngozi, uzi mwekundu, umefungwa vizuri kabisa.

"Humu joto limezidi," Renatus akasema kwa sauti isiyo yake, meno yakigongana. "Nisindikize ziwani."