Shemeji Usingizi na Jicho Kavu

"Futa."

"Sifuti."

"Nimesema futa hiyo video sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa hapa."

"Basi tafuta kiti, maana utachoka."

Dada Pazia hakuinua hata kichwa. Aliendelea kukanyaga cherehani, kitambaa cha bluu kikipita chini ya sindano, na Fundi akabaki mlangoni na begi lake la drili begani, uso umevimba kwa hasira. Walikuwa wachumba, tena wachumba ambao kadi zao za harusi zimeshagawiwa, na riziki yao ilikuwa moja: mwanamke anashona mapazia, mwanaume anatoboa kuta na kufunga fimbo za kuyatundika. Watu wa nje waliwaita chanda na pete. Watu wa nje wana raha zao.

"Siku zote nakuomba uifute. Leo nimeingia dukani kununua skrubu," Fundi akasema. "Muuzaji ananitazama, anacheka, anamwita mwenzake: 'Njoo umwone Shemeji Usingizi!' Mtu mzima mimi, nanyooshewa kidole mbele za watu."

"Si wanakupenda?"

"Wananicheka! Nimelala kwenye sofa ya mteja, mdomo wazi, udenda unanitoka, na wewe badala ya kuniamsha unanirekodi. Halafu ukaweka na muziki!"

"Video hiyo ndiyo iliyotuletea wateja, usijisahaulishe. Watu walikuja kukucheka wewe, wakabaki kuangalia mapazia."

"Kwa hiyo mimi ni chambo."

"Chambo gani anakula samaki pamoja na mvuvi?"

Fundi alilitupa begi chini. Drili ikagonga sakafu kwa kishindo, na shangazi mtu, aliyekuwa chumba cha pili akikunja shuka, akanyamaza kuimba ili asikie vizuri.

"Wewe mwanamke unashangaza. Kazi yako ni kuwashonea watu mapazia ili mambo yao yasionekane. Ya kwako unayaanika dunia nzima!"

"Sina duka barabarani mimi. Sina kibao. Ukurasa wangu ndio mlango wangu. Nikiufunga, mteja aingilie wapi? Dirishani?"

"Sasa nisikilize vizuri. Simwoi mke wa watu wote. Kabla ya harusi ukurasa ufungwe. Si video peke yake, ukurasa wote. Ama huo, ama mimi."

Akaokota begi lake, akaubamiza mlango, akaenda zake.

Shangazi akatokea na shuka mkononi. Ndiye aliyemlea Dada Pazia tangu mdogo, na katika nyumba ile alikuwa wakili wa Fundi asiyelipwa.

"Mwanangu, mwenzio ameomba kitu kimoja tu. Ndoa haijengwi kwa laiki."

"Shangazi, si na wewe unanilaiki kila siku?"

"Nakulaiki kwa sababu ni wewe. Ungekuwa mtoto wa jirani ningekusema."

Dada Pazia alitaka kucheka, lakini kicheko kilikuwa kimemhama siku nyingi. Mbali na Fundi alikuwa na adui mwingine, na huyo hakuwa na sura. Alijiita Jicho Kavu. Kwenye akaunti yake hapakuwa na picha wala rafiki, na shughuli yake duniani ilikuwa kumtukana Dada Pazia tu. Akiweka pazia la sebuleni, Jicho Kavu anaandika: "Marinda yamekaa kama sketi ya mlevi." Akiweka la chumbani: "Huyu anashona kwa mikono au kwa miguu?" Dada Pazia alimzuia mara nyingi, naye akarudi kila mara na jina lile lile lililoongezwa herufi.

Jioni ile aliandika lililomwingia kuliko yote: "Anayemwanika mchumba wake akiwa usingizini, akiolewa ataanika nini? Maskini huyo mwanaume."

Chini yake watu walikuwa wanacheka kwa mafungu. Wengine walikuwa wateja wake, waliokunywa chai kwenye meza yake. Dada Pazia alisahau kiburi chake, akampigia Fundi.

"Umeona alichoandika Jicho Kavu?"

"Mimi na mitandao wapi na wapi? Akaunti yenyewe sina. Nisomee."

Akamsomea. Alipofika kwenye "maskini huyo mwanaume" sauti ikamkatika, akalia kilio cha kwikwi kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.  Kisha Fundi akazungumza, taratibu, kwa ile sauti iliyomvutia Dada Pazia tangu mwanzo.

"Pole mpenzi wangu. Ndiyo dunia uliyoichagua hiyo. Mtu anakuvua nguo hadharani, na kesho unaweza ukampisha njiani usimjue. Funga, upumzike. Usiogope. Mimi nipo."

"Nitafunga," Dada Pazia akasema huku akijifuta kamasi. "Yale mapazia ya yule mteja wetu nesi yatakuwa ya mwisho."

"Kweli?"

"Kweli. Nimechoka."

Siku ya kazi, nesi aliwaachia ufunguo wa nyumba yake akaenda zamu. Fundi alipanda ngazi sebuleni, akatoboa na kufunga fimbo, huku Dada Pazia yuko chumbani anayapiga pasi mapazia yasiingie mkunjo. Alisikia drili ikilia, ikinyamaza, kisha nyayo za Fundi zikielekea jikoni. Akajua amekwenda kunywa maji. Walipoyatundika, chumba kikabadilika kabisa: kitambaa cha kijani kibichi kimeshuka mpaka sakafuni, mwanga unapita kwa adabu. Hata Fundi alisimama akayatazama, akamshika bega. Dada Pazia aliondoka pale akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa wiki kadhaa.

Akaweka video na maneno machache: "Haya ndiyo mapazia yangu ya mwisho hapa. Nafunga ukurasa, naingia kwenye ndoa. Asanteni."

Ikawa kama amepiga mbiu. "Dada usituache!" "Kwani ndoa haina madirisha?" Katikati ya kelele hizo ukaingia ujumbe wa meneja wa hoteli. Alikuwa anatafuta mtu wa kushona mapazia ya vyumba vyote, na alikuwa ameyapenda ya kijani.

Dada Pazia alimwandikia Fundi hapo hapo.

"Nimepata kazi ya hoteli nzima! Wameniona kwenye ukurasa. Naomba tusubiri kidogo kuufunga."

"Uliniahidi."

"Najua. Lakini kazi ni yetu wote. Fimbo zote utafunga wewe."

"Fanya unavyotaka."

Mwanamke yeyote aliyewahi kupendwa anajua kwamba "fanya unavyotaka" ni marufuku iliyovaa kanzu. Dada Pazia aliiweka simu chini. Alipoichukua tena, Jicho Kavu alikuwa amefika.

"Msidanganywe na picha. Fimbo ya hiyo sebule, kishikio cha kushoto, tundu limejazwa njiti za kiberiti. Ikimwangukia mtoto ndipo mtajua kazi za huyu dada."

Chini yake meneja wa hoteli alikuwa ameuliza kwa maneno matatu: "Ni kweli hayo?"

"Mwongo mkubwa!" Dada Pazia alipiga kelele mpaka shangazi akatoka bafuni na povu. "Marinda nimevumilia! Kazi yangu iue watoto? Leo namwanika!"

Akachukua bisibisi, akaenda kwa nesi karibu akimbie.

Nesi alikuwa ametoka kazini, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto.

"Ingia mdogo wangu, mimi siwezi kusimama. Hayo maneno nimeyaona. Siyaamini, ila kiti nimekihamisha kutoka chini ya fimbo."

"Shika simu, dada, unirekodi. Nafungua kishikio, kisha naiweka watu wote waone, mshenzi huyo aaibike."

Nesi akaelekeza simu. Dada Pazia akapanda kwenye stuli, akageukia kamera, akatabasamu kwa ghadhabu. "Jicho Kavu, kodoa macho." Akatia bisibisi.

Skrubu haikuhitaji hata kuzungushwa. Ilitoka yenyewe kama jino bovu, na nyuma yake zikafuata njiti, moja, ya pili, ya tatu. Moja iliangukia kwenye beseni la nesi ikaelea.

"Zima simu," Dada Pazia akanong'ona.

"Nimeshazima." Nesi aliiokota njiti majini, akaitazama. "Haya, mwenzangu. Mimi nilikuwa zamu. Ufunguo niliwaachia ninyi wawili. Huyo Jicho Kavu aliingia kwangu lini?"

Dada Pazia alishuka, akakaa sakafuni. Jibu alikuwa nalo tayari: drili ilinyamaza, nyayo zikaenda jikoni, na jikoni ndiko kiberiti kilikuwa.

Jicho Kavu alitaka matusi yamwingie mshonaji, kumbe amemtukana mpiga skrubu, yaani yeye mwenyewe.

Alasiri Fundi aliingia akipiga mluzi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba, karibu."

Juu ya meza ya cherehani, pale ambapo huwa pana mkasi na chaki, palikuwa na njiti tu.

"Hizi nini?" Fundi akauliza.

"Niambie wewe."

Fundi alimtazama shangazi, akazitazama njiti, akacheka kidogo. "Aa! Ukuta wa nesi ulikuwa unamomonyoka, na vile viplastiki vya kushikia skrubu vikaniishia. Ningerudi kurekebisha. Ndiyo umeninunia kwa njiti?"

"Sikununii kwa njiti. Nataka kujua Jicho Kavu alizionaje ndani ya ukuta."

Kicheko kilimtoka Fundi usoni.

"Labda nesi..."

"Nesi alikuwa kazini."

"Basi mtu alipita dirishani..."

"Mimi nilikuwa napiga pasi. Juu ya ngazi alikuwa mtu mmoja."

"Njia ya mwongo fupi, baba," shangazi akasema, na safari hii hakuwa upande wa mkwe. "Sema tu."

"Eeh, ni mimi!" Fundi alipasuka. "Ni mimi! Ulitaka nisemee wapi? Nilikuomba hapa, ukacheka. Nikakuomba tena, ukanifanya chambo. Kila ninapopita ni Shemeji Usingizi, Shemeji Usingizi! Nikaona nikuonyeshe jinsi inavyouma mtu kuchekwa na asiowajua. Nilitaka uache mwenyewe, kwa hiari yako!"

"Kwa hiari yangu?"

"Nilitaka mke, sikutaka redio!"

"Ungenitukana humu ndani ningekujibu, tungegombana mpaka asubuhi, yangeisha." Dada Pazia hakupaza sauti, na ndiyo ikamtisha Fundi zaidi. "Lakini nilikupigia simu nalia. Nikakusomea matusi yako mwenyewe. Ukayasikiliza mpaka mwisho, ukaniambia pole, ukaniambia mimi nipo. Kumbe kweli ulikuwepo."

Fundi akafungua mdomo, ukabaki wazi vile vile kama kwenye video.

"Utawaambia?" akauliza mwishowe.

"Kina nani?"

"Hao watu wako. Usiniweke huko, nakuomba. Sitaweza kupata kazi tena."

"Hilo ndilo la kwanza kuuliza?" Macho yalimjaa machozi. Alimpenda mwanaume huyu, bado alimpenda hata pale aliposimama, na ndiyo maana aliumia namna ile. "Hujaniuliza hata kama nimekula."

Akachukua simu. Fundi akajikinga uso kwa mkono, akidhani anarekodiwa. Lakini Dada Pazia alikuwa anaitafuta ile video. Akaitazama mara ya mwisho: Fundi kwenye sofa, mdomo wazi, na yeye mwenyewe pembeni akiingiza mto taratibu chini ya kichwa chake. Kipande hicho cha mto hakuna aliyewahi kukiandikia komenti. Akabonyeza, akamgeuzia simu aone.

"Nimeifuta. Uliniomba kwa haki yako, nikakukatalia kwa kiburi. Kosa langu hilo, nisamehe, na nimelimaliza. La kwako halina pa kubonyeza."

"Kwa hiyo harusi..."

"Kadi nitazifuata mwenyewe kwa waliopewa. Chukua begi lako."

"Shangazi, niombee!"

"Nimekuombea sana humu ndani, baba," shangazi akasema huku akimfungulia mlango. "Kila siku nilikuwa nakutetea. Nenda, usiubamize."

Fundi aliondoka na begi lake, na mlango ukafungwa taratibu.

Dada Pazia alilia, akanawa uso. Kisha akaenda dukani kununua viplastiki, akarudi kwa nesi, akaifunga fimbo upya kwa mikono yake mpaka nesi akajaribu kuning'inia juu yake isitikisike. Hapo ndipo alipoufungua ukurasa. Akalitafuta swali la meneja wa hoteli, likiwa bado linamngoja chini ya maneno ya Jicho Kavu, akalijibu mbele ya wote:

"Ni kweli. Kishikio kilijazwa njiti. Nimekirekebisha leo mwenyewe, njoo ukikague. Fundi aliyekifunga hafanyi kazi na mimi tena."

Akaunti ya Jicho Kavu ilitoweka kabla maji ya chai hayajachemka, na safari hii haikurudi. Mtu wa kwanza kulaiki jibu lile alikuwa shangazi, akiwa kwenye chumba cha pili, anakunja shuka.