Mama Mkwe Achagua Benchi

Simai anakaa Kikwajuni na mkewe, Riyama. Anauza vitambaa dukani, na kutwa nzima anakaa. Mwaka huu daktari alimwambia kuwa sukari yake imepanda. Dawa peke yake haitoshi. Atembee, na anyanyue vyuma.

Vyuma alipewa na rafiki yake. Benchi la mazoezi hakuwa nalo. Akachukua fomu, lile benchi refu la mbao wanalokalia wageni siku za shughuli. Na fomu tunaijua tabia yake. Ukikaa ncha moja peke yako, ncha ya pili inanyanyuka. Kwa hiyo Simai alilala ncha hii, na Riyama akakaa ncha ile, akichagua mchele.

"Usiondoke," alisema Simai.

"Siondoki. We nyanyua tu."

Mara mlangoni ikasikika sauti: "Hodi!"

"Mama huyo! Karibu!" Riyama akauweka ungo chini, akainuka mbio. Mama hapokewi kwa kukaa.

Fomu ikapinduka. Simai akaanguka, puu! Chuma kimoja kikaingia kwenye ungo, mchele ukatapakaa chumba kizima.

Bi Sichana, mama yake Riyama, alimkuta mkwewe chali sakafuni, miguu juu.

"Shikamoo, mama," Simai aliamkia kutoka huko huko chini.

"Marahaba, mwanangu. Ndo unavyonipokea?"

Riyama hakucheka. "Basi! Vyuma vitoke leo! Sitaki kukaa eda kwa sababu ya fomu!"

Simai aliingiwa na hofu. Bila mazoezi, sukari ingemshinda.

"Vyuma vibaki, itoke fomu," alisema Bi Sichana. Zamani alikuwa akifundisha mpira wa pete, na hakuna aliyethubutu kumbishia. "Riyama, pima nafasi chumbani. Kesho tunakwenda sokoni Darajani, kununua benchi la mazoezi."

Huko Darajani, kwenye duka la vifaa vya mazoezi, Simai alilipenda benchi jekundu lenye mto laini. Bi Sichana akalitikisa. Likacheza.

"Hili zuri kwa macho tu," alisema. "Benchi halitakiwi kucheza. Miguu yake iwe mipana. Mto uwe mgumu kidogo, usikuzamishe. Na libebe uzito wako pamoja na wa vyuma. Soma hapa chini, imeandikwa."

Akalishika jingine, jeusi. Halikutikisika.

"Haya, lala."

Simai akainamisha kichwa. "Mama, ntalalaje mbele yako?"

"Sasa ntajuaje kama linakutosha? Au nilale mimi?"

Simai akalala, macho kayafumba kwa haya. Wateja wakasogea kutazama.

"Kichwa, mgongo na makalio, vyote viko juu ya mto?" aliuliza Bi Sichana kwa sauti ya uwanjani.

"Viko, mama," alinong'ona Simai.

"Nyayo zimekaa sawasawa chini?"

"Zimekaa."

"Basi ndo lenyewe. Inuka, watu wanatazama."

Siku hizi Simai huanza na vyuma vyepesi, na Riyama husimama karibu yake. Daktari alipompima tena, sukari ilikuwa imeshuka. Riyama alipiga kigelegele palepale hospitali.

Limebaki tatizo moja. Kila jioni Bi Sichana huja, hujifunga kanga kiunoni, akamwambia mkwewe:

"Ushamaliza? Toka nje, baba. Zamu yangu."